Senti mbili zilipogeuka tano

Swali la wiki: ni riwaya ipi ya Kimarekani iliyoeleza vizuri zaidi ugomvi wa kampuni za reli na wakulima? Kwangu ni The Octopus ya Frank Norris, iliyotoka mwaka 1901. Norris hakuishia kumchora tajiri mwenye roho mbaya. Alitufungulia orodha ya bei za kusafirisha mizigo, akatuonyesha mkulima anavyonyongwa nayo.

Mtazame Dyke, dereva wa treni aliyepoteza kazi kwa kukataa kupunguziwa mshahara. Anaamua kulima hopsi, zao linalotiwa kwenye bia. Kabla ya kupanda anaulizia bei ya kusafirisha: senti 2 kwa ratili. Anapiga hesabu, anaweka rehani mali yake, anayauza mavuno kwa mkataba yangali shambani. Wakati wa kusafirisha ukifika, bei ni senti 5. Kwa tani ya ratili 2,000 hiyo ni dola 100 badala ya 40, na bei ya kuuzia imeshafungwa kwenye mkataba. Reli nyingine hakuna. Aliyeshika rehani naye ni S. Behrman, ambaye ndiye wakala wa reli. Dyke anamuuliza, mnatoza kwa kigezo gani? Behrman anajibu akigonga kaunta kwa kidole kila neno: kadiri mzigo utakavyostahimili.

Kuna pia plau zilizoagizwa kutoka mashariki mwa Marekani. Zinafika Bonneville, mji wa wakulima hao riwayani, wenyewe wanaziona juu ya mabehewa, lakini haziteremshwi: lazima ziende San Francisco kwanza, kisha zirudishwe kwa malipo mapya. Mambo hayo hayakuwa ya kubuni tu. San Francisco kulikuwa na meli za kushindana na reli, kwa hiyo safari ndefu ilikuwa nafuu; mji wa ndani usio na mshindani ulilipishwa ilivyotakiwa.

Wakulima nao si malaika. Magnus Derrick na wenzake wanaikamua ardhi bila kuijali, na wanatoa hongo ili wapate watu wao kwenye tume ya kupanga bei. Lyman, mwanawe Magnus, anaingia humo akiwa ameshanunuliwa na reli.

Msingi wa kisa ni wa kweli: Mussel Slough, California, tarehe 11 Mei 1880. Kampuni ya reli ya Southern Pacific ilikuwa imepewa ardhi na serikali, ikawaita walowezi kwa vipeperushi vilivyotaja bei za kuanzia dola 2.50 kwa ekari. Walowezi wakachimba mifereji, ardhi kavu ikazaa, kisha kampuni ikadai dola 17 hadi 40. Risasi zilipolia walikufa watu 7. Watu 5 wa upande wa walowezi walihukumiwa kifungo cha miezi 8.

Kasoro ya riwaya iko mwishoni. Presley, mshairi, anamwendea Shelgrim, rais wa kampuni ya reli, naye anamwambia kwamba reli hujijenga na ngano hujiotea. Lawama zisiende kwa watu. Norris anaelekea kukubali. Mimi sikubali. Senti 2 haikugeuka 5 yenyewe: kuna mtu alikaa ofisini akaiandika tarakimu ile, na kisa cha Dyke, alichokiandika Norris mwenyewe, kinamsuta Shelgrim kuliko hoja yoyote ya Presley.