Kabla ya kubonyeza "Ruhusu" kwenye programu ya mkopo

Programu za mikopo ya mtandaoni hazidai hati ya nyumba wala mdhamini wa kuweka saini, na kwa sababu hiyo wengi huamini kwamba ni mikopo isiyo na dhamana. Dhamana ipo, nayo ni majina yaliyomo kwenye simu yako. Ukishabonyeza "Ruhusu", programu inaweza kuyanakili yote na kuyapeleka kwa mkopeshaji, pamoja na meseji za miamala ya fedha, ambazo kwazo hukadiria kipato chako na kujua nani wa kumsumbua siku utakapochelewa kulipa.

Mimi sijawahi kukopa huko, lakini nilipokea ujumbe ulionitaka nimwambie mfanyakazi mwenzangu, aliyetajwa kwa majina yote matatu, alipe deni "kabla hatua nyingine hazijachukuliwa". Sikuwa nimempa mkopeshaji huyo idhini yoyote. Namba yangu ilikuwemo tu katika simu ya mwenzangu. Ujumbe huohuo ulimfikia fundi wake wa bomba na mama mkwe wake, na nadhani aliharakisha kulipa kwa sababu ya huyo wa pili.

Tangu Mei 2023 Google imezizuia programu za mikopo binafsi zilizoko Play Store kusoma majina na picha za mteja. Kwa hiyo programu inayoomba ruhusa hiyo, hasa ile unayotumiwa kiungo chake WhatsApp uipakue nje ya Play Store, achana nayo. Hakikisha pia kwamba mkopeshaji ana leseni, kwa maana Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila kibali.

Aliyekwisha kuruhusu aingie kwenye mipangilio ya simu, afungue programu husika na kuondoa ruhusa ya majina na meseji. Hata hivyo, kufanya hivyo, au kuifuta programu yenyewe, hakurudishi kilichokwisha kuchukuliwa. Ukimaliza deni, mwandikie mkopeshaji umtake afute taarifa zako, na utunze nakala. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa haki ya kujua taarifa zako zinatumikaje na kupinga matumizi yanayokudhuru; akikaa kimya, peleka malalamiko kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Si lazima uwe mkopaji: sisi tunaotumiwa meseji za madeni ya watu nasi tunaweza kulalamika, ilimradi tusiifute meseji yenyewe, namba iliyoituma na tarehe yake.