"Retire" ya masurufu si kustaafu

Mkuu, umeuliza kwa nini mhasibu wenu hapo Mwanza amekuandikia "retire" masurufu, yaani pesa ulizopewa mapema kwa safari ya Ukerewe, kabla ya Ijumaa, wakati una miaka 34 tu. Usiogope, hakuna anayekustaafisha. Hapo maana yake ni kufanya marejesho: peleka tiketi ya kivuko cha Kisorya, risiti ya gesti na chenji iliyobaki, hesabu ifungwe. Neno lilitoka Kifaransa, likiwa na maana ya kuvuta nyuma. Ndiyo maana Waingereza hulitumia hata jeshi likirudi nyuma au mtu akienda kulala. Kustaafu kwenyewe, kwa wengi wetu serikalini, ni miaka 60, kwa hiari 55. Mimi nilichelewesha marejesho ya Nansio wakanikata kwenye mshahara. Nakusihi, tiketi hiyo usiitupe hata ikilowa.