Majibu 900 ya WhatsApp si sauti ya wanachama

SWALI: Mimi ni katibu wa sacco ya wahudumu wa matatu hapa Nairobi, wanachama 4,000. Wengi wameacha kuweka akiba. Mshauri alituma fomu kwenye magrupu yetu ya WhatsApp. 900 wamejibu, na wengi wanasema wanaridhika. Je, inatosha, au tuongeze mahojiano?

JIBU: Ndugu Katibu, haitoshi, na mkiwahoji watu hao hao hamtapata jipya. Aliyeacha kuweka akiba tangu mwaka jana alishatoka kwenye grupu. Mmewauliza waliobaki habari za walioondoka.

Kinachonikera ni imani kwamba wingi wa majibu unafuta kasoro ya namna yalivyopatikana. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilipokea kadi za kura ya maoni zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba Landon angemshinda Roosevelt katika uchaguzi wa urais. Roosevelt alichukua majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi yalitoka kwenye orodha za wenye simu na magari, na waliorudisha kadi hawakufanana na walionyamaza.

Anzeni na daftari la wanachama. Tengeni wanaochangia na waliosimama, kisha mkae na kama 15 wa waliosimama, mmoja mmoja, mbali na stendi, asiwepo kiongozi yeyote wa sacco. Dereva hatamwambia mwenyekiti usoni kwamba mkopo ulicheleweshwa hadi akaenda kwa shailoki, mkopeshaji wa riba kubwa. Msimuulize kama anaridhika, atawajibu kwa adabu tu. Muulizeni aliweka akiba mara ya mwisho lini, na mwezi uliofuata pesa hiyo ilikwenda wapi.

Hojaji itungwe baada ya hapo, kwa maneno yao. Chagueni majina kwa nasibu katika kila kundi, kulingana na ukubwa wake. Kwa wanachama 4,000, majibu 350 hivi yanawapa makadirio yenye kosa la asilimia 5 juu au chini, mradi asiyepokea simu apigiwe tena na tena, wala nafasi yake asipewe anayepatikana kwa urahisi.

Makanisa, vyama vya wafanyakazi na vikundi vya akina mama vinauziwa ripoti hizi za wiki moja, zimejaa grafu za rangi. Wengine sasa wanamwaga gumzo lote la grupu kwenye programu ya akili unde bila kuwauliza wenyewe, ilhali Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mwanachama haki ya kujua taarifa zake zinatumiwaje. Kabla ya kulipa, mwulizeni mshauri: majina uliyatoa wapi, uliwafuata wangapi, wangapi hawakujibu na kwa nini? Akibabaika, msimlipe.