Mistari ya majani bila nyayo, najibu maswali yenu

*Shikamoo fundi, ile mistari ya viwanjani wanapaka dawa? Na mimi naitaka nyumbani hapa Shangani.*

Marahaba mwanangu. Hakuna dawa wala rangi, ni majani yamelazwa tu, mstari huu umelala kwenda, ule umelala kuja. Yaliyolala kukukimbia yanang'aa, yaliyolala kuja kwako yanakua ya kijani kizito. Zunguka upande wa pili uangalie, mistari inabadilishana rangi palepale.

*Kaka, nikimaliza kukata nyayo zangu zinabaki mstari mzima, nakosea wapi?*

Hukosei, ni mashine yenyewe, ukiisukuma yenyewe inatangulia we unafuata, kwahiyo unakanyaga palepale ulipomaliza. Hii ilinitesa sana. Nilikua nakata hoteli moja huku Mikindani, wageni wanalala ghorofani, siku moja mwenye hoteli akaniita juu akanionyesha, jamani nyayo zimejipanga mguu wa kulia mguu wa kushoto mpaka ukutani, na kazi nilikua nimeifanya kwa moyo, niliumia. Nikatafuta bomba la PVC la inchi 4, urefu mita moja, nikajaza mchanga mkavu nikaziba, linakuja kama kilo 12 hivi, nikapitisha nondo katikati ili lizunguke afu nikafunga kamba huku na huku. Saivi nikishakata nalivuta nyuma yangu kwa njia ileile ya mashine, yani mi natangulia bomba linafuata, kila ninapokanyaga linapita linalaza upya. Ukifika mwisho usigeukie juu ya mistari, geukia pembeni, na hapo pembeni pavute mwisho kabisa ukiwa unaelekea getini, maana ukibaki katikati utatokaje sasa?

*Niko Masasi. Mtu akipita tu kwenye majani, nyayo zinakaa mpaka jioni.*

Dada, hayo majani yana kiu. Jani lenye maji ukilikanyaga linainuka lenyewe, lililokauka linabaki limelala, na jua hili la Oktoba mvua bado, hata bomba langu halitakusaidia. Mwagilia alfajiri, maji yazame kabisa ardhini, bora mara chache ila ya kutosha kuliko kunyunyiza kila siku juujuu. Kata kesho yake umande ukishakauka, majani mabichi yanaganda kwenye kisu na yanadondoka mabonge mabonge.

*Mbona ukoka wangu hapa Lindi hautoi mistari kama ya mpira wa Uingereza?*

Wale wanapanda raigrasi, jani laini linalala vizuri, ukoka ni mgumu na unasimama. Mistari itatoka ila hafifu, uache mrefu kidogo, kama uko sentimita 6 ushushe mpaka 4, usinyoe mpaka 2, ukizidisha theluthi moja kwa mkupuo unabaki na vijiti vya njano, na vijiti havilali.