Ndugu yako akirudia unga, kwanza hakikisha yuko hai

Mtu aliyekaa miezi kadhaa bila heroini akirudia, hatari kubwa iko kwenye kete, yaani vipakti vya unga, za mwanzo. Mwili umeshapoteza uzoefu, lakini yeye anapima kwa kipimo cha zamani. Ndiyo maana wengi huzidiwa wakiwa ndiyo kwanza wametoka soba hausi, nyumba wanakokaa wanaojitoa kwenye unga, au jela, wakati nyumbani watu wanadhani mambo yameisha. Familia ikigundua, hasira hutangulia. Naomba hasira isubiri.

Mdogo wangu aliporudia tulimjua kwa vitu vidogo: shati la mikono mirefu kwenye joto la Februari, pua anaikuna kila dakika, anasinzia na kijiko mkononi. Mama alimwita uani, akamsogezea kiti. Hakumwambia ametuaibisha. Alimuuliza, "Mwanangu, mara ya mwisho umetumia lini? Ulikuwa na nani?" Akajibu akiangalia chini: "Jana usiku, mama. Peke yangu. Nimeteleza."

Hilo la "peke yangu" ndilo lililotutisha, kwa sababu anayezidiwa peke yake hana wa kumwamsha. Kwa hiyo, mkiona mtu wenu amelala hashtuki hata akiitwa, anakoroma kwa namna isiyo ya kawaida, pumzi zinakuja kwa mbali, midomo imebadilika rangi, mkimbizeni hospitali na mseme wazi ametumia nini. Kuna dawa ya kuzindua, naloksoni. Akiwa anapumua, mlazeni ubavu. Pumzi zikikatika, mpulizieni mdomo kwa mdomo mkiwa njiani. Msimmiminie maziwa wala maji mdomoni, yatampalia.

Baada ya hapo ni kliniki, na msingoje mwezi uishe. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa methadoni, dawa ya kunywa inayochukua nafasi ya heroini, mwaka 2011, Mwananyamala na Temeke zikafuata, na wahudumu wa huko wamewaona wengi wanaorudia. Lakini mgonjwa mwenyewe anaona aibu, anahisi atafukuzwa, basi anaruka dozi leo, kesho, keshokutwa, arosto, yale maumivu ya kukosa dawa, inambana na anaishia maskani, kijiweni kwa watumiaji. Mwambieni atapokelewa, kisha mpelekeni. Akifika aseme ukweli ameruka siku ngapi. Akiwa ameruka kadhaa mfululizo, dozi yake ya zamani inaweza kumzidi, ndiyo maana hushushwa kwanza halafu ikapandishwa taratibu. Kama amechanganya na pombe au vidonge vya usingizi, hilo nalo aliseme, kwa sababu vikikutana na methadoni pumzi inaweza kukatika.

Nauli hatukumpa mkononi. Asubuhi mimi au shemeji yangu tulipanda naye daladala, tukasimama naye foleni hadi anywe mbele ya muuguzi, tukarudi naye. Kuna siku hakusema neno kutoka nyumbani hadi kituoni, nami sikumchokoza. Chakula alipata, kitanda alipata. Simu ya mama na jiko la gesi vilikaa chumba chenye kufuli, na mama alimweleza sababu bila kuficha. Sioni ukatili hapo. Kumpenda mgonjwa si kumwachia kila kitu, na nyumba iliyoibiwa kila wiki huchoka kumuuguza.

Majirani watasema la kuvunda halina ubani. Waacheni. Uraibu ni ugonjwa unaorudi, kama kisukari kinavyopanda kwa mtu aliyekuwa anaendelea vizuri, na hakuna anayemfukuza mwenye kisukari nyumbani kwa sababu sukari imepanda.

Kama kwenu hakuna wa kumsindikiza, au hataki kuwasikiliza, ulizeni kliniki kuhusu waelimishaji rika, watu wanaowasaidia wenzao kupata matibabu. Wengi wao waliwahi kutumia, wanazijua maskani, na wanaweza kumfuata huko huko. Kuna asubuhi mdogo wangu alijifungia ndani akakataa kunifungulia. Aliyemtoa ni mmoja wa vijana hao, aliyekaa nje ya mlango akizungumza naye kwa sauti ya chini mpaka akavaa viatu.