Kozi ya kuhamia nayo

Neema mwanangu,

Marahaba. Meseji yako niliisoma jana kwenye daladala nikaona hii sio ya kujibu kwa vidole, leo nimebaki ofisini na kompyuta, wenzangu wameshaondoka. Unauliza ukihama hiyo koleji ya jamii kwenda UC, yaani Chuo Kikuu cha California, ujaze kozi gani kati ya Hesabu Tumizi, Takwimu, na Hesabu na Uchumi, ipi ina kazi, na umemalizia eti "mama wewe mhasibu, unalijua soko".

Soko la California nilijulie wapi mimi? Ninachokijua ni ulichonieleza mwenyewe, kwamba masomo ya miaka miwili ya kwanza karibu yote ni yale yale, kalkulasi mpaka ya tatu, linia aljebra, na zile ikwesheni za kudifrenshieti. Kinachoongezeka ni wa Uchumi wanataka uwe umesoma maikro na makro, na wa Takwimu wanapenda uwe umegusa programu. Sasa kama ni hivyo haraka ya nini? Kusanya uniti zako 60, angalia kwenye ile tovuti ya ASSIST kila somo la hapo linapokelewa wapi, basi. Lakini hapo hapo najibishana mwenyewe, maana mnaohama mnaingia moja kwa moja mwaka wa tatu, wenzenu walioanzia pale wameshajaribu hiki na kile miaka miwili, nyie muda huo hamna. Kwahiyo sawa, kuchagua kuna uzito, sikatai.

Ila nikuulize na mimi. Hiyo orodha ya kozi tatu kaitunga nani? Wewe tangu upo sekondari ukipewa swali la hesabu ulikuwa huulizi jibu ngapi, unauliza kwanini, mpaka mwalimu wa tuisheni alikuchoka, leo hesabu tupu, ile ya nadharia, kwenye orodha haimo kabisa. Nani kaifuta? Mimi nanusa mkono wa ba'mdogo wako wa Texas humo.

Ya mjomba wangu, babu yako wa Korogwe, mnajua nusu. Mnajua ndiye aliyenisomesha, na kila Idi nawatuma mkamsalimie. Fomu ya kuomba chuo enzi zetu ilikuwa karatasi, unajaza kwa herufi kubwa, na mimi nilijaza kwa penseli kwanza nisije nikaharibu. Chaguo la kwanza Mlimani, Sayansi, hesabu na takwimu. EGM, yaani uchumi, jiografia na hesabu, nilikuwa nimeifaulu na hesabu ndio iliyonibeba. Mjomba akavaa miwani akasoma mpaka chini, akaomba raba. Hakugomba hata kidogo. Akafuta taratibu, akapuliza yale makombo ya raba yakaangukia kwenye sahani ya maandazi, akaandika B.Com, digrii ya biashara, kwa biki ya bluu, akanirudishia fomu akasema "hesabu tupu ni ualimu, na walimu humu ndani tunao wawili tayari". Mama akaendelea kumimina chai.

Simlaumu. B.Com ndiyo iliyowasomesha nyie wote, na tiketi yako ilitoka humo humo baada ya kushinda bahati nasibu ya green card. Yule mzee aliona mbele. Aliona mbele sawa, lakini si angeniuliza? Hata kwa kunizuga tu, akaniuliza halafu akafuta.

Maana hakujua kitu kimoja. Fomu faivu mwalimu wetu alitufundisha induksheni: unaonyesha namba ya kwanza inakubali, halafu unaonyesha kwamba yoyote ikikubali basi inayofuata lazima nayo ikubali, umemaliza, namba zote ziko mkononi mwako. Nikarudi bweni nikawa naifanya kwa tochi na wala hakuna mtihani. 1 ongeza 3 ni 4, ongeza 5 ni 9, ongeza 7 ni 16, yaani kila ukisimama unakuta namba iliyozidishwa kwa yenyewe, na una hakika haitakuangusha hata ukifika milioni. Nilicheka peke yangu mpaka mwenzangu wa kitanda cha juu akaniambia nilale. Ule msemo wangu mnaonicheka nao, hesabu haina mjomba, ndipo ulipotokea. Waziri, mwalimu, babu yako, hakuna wa kuifuta.

Ndio maana nauliza. Kwenye hesabu tupu ukifika mwaka wa tatu kukokotoa kunapungua, inakuwa kuthibitisha tu, analisisi na aljebra ya dhahania, na wapo waliokuwa wanapata A za kalkulasi wakifika hapo wanagundua hawaipendi. Wewe umeshawahi kukaa na uthibitisho ukasahau kula? Kama hapana, Takwimu ni kozi nzuri mno, hata aktuaria, wale wanaopiga hesabu za hatari kwenye bima, mtihani wao wa kwanza ni wa probabilite, na Hesabu na Uchumi ukisikia benki wanatafuta mtu na wewe umo. Kama ndiyo... unaona, nimeshaomba raba. Naacha.

Jibu langu ninalo na wewe unalijua, ila silisemi. Hata ukipiga simu silisemi, usinitege. Hesabu haina mjomba, basi isiwe na mama pia.

Usisahau ile TAG, fomu ya kuhakikishiwa nafasi, inapelekwa Septemba, unaruhusiwa chuo kimoja tu kati ya vile vya UC, na UCLA, Berkeley na San Diego hawamo. Maombi yenyewe ya UC usiyapeleke mpaka siku za mwisho za Novemba kama ulivyofanya na pasipoti.

Na ulisema muhula ujao una nafasi ya somo moja la hiari, hesabu za diskriti au upigaji picha. Chukua diskriti, induksheni imo. Hilo ni somo tu, sio kozi, kwahiyo hapo nina ruhusa ya kusema.

Mama yako