Mama ameacha maziwa kwa sababu ya dawa ya presha

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mama yangu ana miaka 63 na kila asubuhi anameza amlodipini ya presha. Mjukuu wake alimsomea karatasi ya dawa, imeandikwa ni ya "kuzuia kalsiamu". Tangu siku hiyo hagusi maziwa wala dagaa, anasema kalsiamu iliyomo humo itamsimamisha moyo. Je, ni kweli?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mrudishie mama dagaa wake leo hii.

Nimefundisha fiziolojia, yaani somo la jinsi mwili unavyofanya kazi, miaka mingi, na somo nililolipenda kuliko yote ni la moyo wa chura. Unafungwa uzi, unamwagiwa maji ya chumvi, nao unavuta kalamu ndogo inayochora mapigo kwenye karatasi yenye masizi. Halafu tunaleta maji yasiyo na kalsiamu. Vilima vya mchoro vinafupika, vinafupika, mpaka unabaki mstari. Darasa kimya. Ukidondosha kalsiamu kidogo, kalamu inashtuka na moyo unaanza tena.

Jambo hili aliligundua daktari Sydney Ringer wa London mwaka 1883. Moyo wake wa chura ulikuwa ukipiga vizuri, kumbe mchanganyiko ulitengenezwa kwa maji ya bomba, yenye kalsiamu. Alipoutengeneza kwa maji yaliyosafishwa, yasiyo na kalsiamu, moyo ukazimika.

Kwa hiyo kalsiamu ndiyo inayoukaza moyo. Seli ya moyo ikiwa imetulia, kalsiamu iliyomo ndani ni kama sehemu moja tu kwa 10,000 ya ile iliyo nje. Umeme wa moyo ukipita juu ya seli, vilango vinafunguka na kalsiamu kidogo inaingia. Hiyo kidogo haitoshi kazi, ila inafungulia ghala lililo ndani ya seli, na kalsiamu inamwagika humo mpaka inafika kama mara kumi ya ilivyokuwa. Inaishika protini iitwayo troponini, kizuizi kinasogea, nyuzi za misuli zinavutana, damu inasukumwa. Papo hapo pampu zinairudisha ghalani, na nyingine inatolewa nje. Watu husahau kwamba hata kulegea kwa moyo ni kazi, tena kunakula nguvu: pampu zikichoka, moyo haujai damu sawasawa.

Sasa amlodipini inabana vile vilango, hasa vya misuli ya mishipa ya damu kuliko vya moyo wenyewe. Mishipa inalegea, presha inashuka. Haiondoi kalsiamu mwilini. Na maziwa anayokunywa mama yako hayaendi kugombana na dawa hiyo, kwa sababu mwili unakilinda sana kiwango cha kalsiamu kwenye damu: ikipungua, unakopa kwenye mifupa. Hapo ndipo ninapomhofia. Mwanamke wa umri wake akiacha maziwa na dagaa, mifupa ndiyo italipa.

Kama anameza pia vidonge vya kalsiamu, amwambie daktari. Vifundo vya miguu vikivimba, mpeleke kliniki, kwani amlodipini huwafanya hivyo baadhi ya watu, lakini asiache dawa kwa uamuzi wake. Na dagaa wakiwa wa chumvi, waloweke na kumwaga maji kabla ya kupika. Kwa mwenye presha, chumvi hiyo ndiyo ya kuogopwa.